Vidonge 56 vya Bosi

Siku ya tano ya dawa nilisogeza kochi nifagie, nikakuta vidonge vinne chini ya ukuta. Kimoja kizima, kimoja kimelainika kikagandia sakafuni, viwili vimepauka kama peremende iliyofyonzwa ikaachwa. Bosi alikuwa amekaa mlangoni ananitazama. Siku nne nzima mbwa huyu alikuwa akipokea kipande cha nyama mkononi mwangu, anatafuna, anajilamba, ananitikisia mkia, kisha anazunguka nyuma ya kochi nikidhani anakwenda kulala. Kumbe alikuwa anakwenda kutema.

Dozi nane nilizoziwekea alama kwenye kalenda, nne zilikuwa hapo chini. Mke wangu alikuja akaangalia, akacheka mpaka akashika kiuno. "Baba Neema, mwenzako alikuwa anakustahi tu."

Mimi sikucheka, kwa sababu nilijua tulikotoka. Ugonjwa ulianza na pua. Usiku mmoja damu ilimtoka tundu moja, kidogo kidogo, haikatiki, na asubuhi nilipomgeuza tumbo nikaona vidoa vyekundu kama amechomwachomwa na pini. Ufizi ulikuwa umepauka. Daktari wa mifugo alimtoa damu akaipima, akaniambia ni ugonjwa wa kupe: bakteria aitwaye Ehrlichia canis, anayebebwa na kupe wa kahawia. Huingia katika seli nyeupe za damu, na zile chembe zinazogandisha damu hupungua, ndiyo maana pua ilikuwa haikatiki. Bosi ana kilo 20. Akaandikiwa doksisaiklini, kidonge cha miligramu 100 asubuhi na kingine jioni, kwa siku 28.

Alinionya mambo manne. Dawa iende na chakula. Baada ya kidonge apate maji. Isichanganywe na maziwa. Na mbwa akichangamka siku ya pili au ya tatu, kama wengi wanavyochangamka, nisiache. Mimi nilitoka pale nikiwa nimekumbuka la kwanza na la mwisho. Mtu akishaambiwa mbwa wake ana ugonjwa wa damu, masikio hufunga.

Nilipoviona vile vidonge nilipaswa kumpigia daktari saa ileile. Sikupiga. Niliona haya, mtu mzima kudanganywa na mbwa, nikajiambia nitarekebisha mwenyewe kimyakimya. Siku mbili zilizofuata ndizo nilizoharibu zaidi.

Kwanza nilisaga kidonge, nikakichanganya na chakula chake cha jioni. Akili nyingi huondoa maarifa. Kidonge kizima kina umbo lake na pembe zake, unaweza kukifunika. Ukikisaga, uchungu unaenea bakuli zima. Pua ya mbwa ina vipokezi vya harufu zaidi ya milioni 100, na sisi tunajitapa na vyetu milioni tano au sita. Bosi aliliinamia bakuli, akanusa mara moja, akaonja kwa ncha ya ulimi, povu likamtoka mdomoni, akaondoka. Hilo nililitarajia. Nisilolitarajia ni kwamba asubuhi yake nilimwekea chakula safi, hakina chochote, akakikataa pia. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Nilikuwa na mgonjwa aliyekwisha kukonda, na kwa mkono wangu mwenyewe nimemfundisha kuwa bakuli lake lina sumu. Ningeambiwa nichague kosa moja la kumwonya mtu mwingine, lingekuwa hilo: chakula cha mbwa mgonjwa usikiguse. Dawa iwe na njia yake, na bakuli libaki bakuli.

Nikahamia kwenye maziwa. Nilikoroga, akanywa, tena kwa pupa. Nikajiona fundi. Baadaye ndipo nilipoelezwa kwamba kalisiamu iliyo kwenye maziwa hushikana na dawa za jamii ile huko tumboni, kisha kiasi cha dawa kinapita na kutoka bila kuingia kwenye damu. Mbwa amekunywa, kalenda ina alama, na ugonjwa hauna habari. Jibini nayo ni vilevile.

Jaribio la tatu lilikuwa nguvu. Nilimfunga taulo, nikampanua taya, nikaweka kidonge pale mbele ya ulimi, nikamfumba mdomo, nikahesabu mpaka 30. Alipolegea nilimwachia. Kidonge kikadondoka kwenye goti langu. Tulirudia mara tatu mpaka kikawa uji, mimi nina mchubuko wa kucha kwenye mkono, yeye ana mate mpaka kifuani. Hakuning'ata, na ningestahili.

Tangu saa ile ikawa nikigusa tu pakiti ya vidonge, ile sauti ya *tak* kidonge kinapotoboa karatasi, Bosi yuko chini ya kitanda. Hata kama pakiti ni yangu. Maana na mimi nina vidonge vyangu vya presha, kimoja kila asubuhi, na nakiri kwamba siye mgonjwa mtiifu kuliko wote. Kwa hiyo kila asubuhi nikitoa changu, mbwa anakimbia.

Siku ya saba nikameza haya, nikampeleka kwa daktari na kumweleza yote. Jambo la kwanza alilolisema: "Vilivyopotea vimepotea. Usimpe viwili kwa mpigo kufidia." La pili: "Tutaanza kuhesabu upya leo." Hapo ndipo vidonge 56 vilipoanza, kwa hesabu ya kweli. La tatu lilikuwa ombi. Alinipa kidonge na kipande cha nyama, akaegemea ukuta, akasema, "Hebu fanya kama unavyofanya nyumbani."

Nikafanya. Bosi akageuza uso kabla sijafika nusu ya chumba.

"Baba, umejiona?" Sikujiona. Akanihesabia. Nilimwita kwa sauti nyororo ambayo siku nyingine simwiti nayo. Nilitembea polepole, kiubavu, kama mtu anayemnyemelea kuku. Macho yangu yalikuwa mdomoni mwake. Na vidole vilivyoshika kidonge ndivyo vilevile vilivyoshika nyama, kwa hiyo nyama yote ilikuwa imepakwa dawa kwa nje. "Huyu amekusoma kabla hujafungua mkono. Hata ungempa asali, angejua una jambo."

Nimefuga mbwa miaka mingi na hakuna aliyewahi kuniambia hivyo. Nilikuwa nahangaika na ladha, kumbe mbwa anasoma mwendo, saa, mahali, sauti ya pakiti, hata namna mke wangu anavyosimama mlangoni kwa wasiwasi kuangalia kama leo itawezekana. Kwetu sisi kidonge ni kitu kidogo ndani ya nyama. Kwa Bosi kidonge kilikuwa tukio zima la robo saa.

Daktari alinifundisha njia mbili, moja ya kutumia kila siku na moja ya akiba.

Ya kila siku inataka vipande vitatu. Cha kwanza kitupu. Cha pili kina dawa. Cha tatu kitupu, na hiki unakiweka mbele ya pua yake wakati cha pili bado kiko mdomoni, ili akimeze haraka kukiwahi kinachofuata. Vipande viwe vidogo, kiasi cha ncha ya kidole, kwa sababu kipande kikubwa hutafunwa na kinachotafunwa hupasuka. Mimi nilitumia ini lililochemshwa kidogo tu, libaki laini: unatia chale ya kisu, unasukuma kidonge ndani, unabana. Kidonge kinashikwa kwa mkono wa kushoto, ini kwa wa kulia, na mkono wa kulia ndio unaolisha. Mkono wa kushoto haumkaribii. Inaonekana ni jambo dogo la kijinga. Kwetu lilikuwa nusu ya kazi.

Vipande vilitayarishwa chumba kingine, mlango umefungwa, na mara nyingi alitayarisha mke wangu ili mimi nisiwe na harufu hata kidogo. Nikaacha pia kumpa sebuleni. Sebule ilikuwa imekwisha kuharibika. Nilimpa nje, wakati wa kutoka kwenda matembezini, akiwa amesimama, akili yake iko getini. Mbwa mwenye haraka ya kwenda mahali hana nafasi ya kuchunguza ini. Nilirusha kimoja, viwili, vitatu, tukaondoka. Sauti yangu ilikuwa ileile ninayomwambia "twende". Mara ya kwanza ilipofanikiwa moyo ulinidunda kama mwizi, nikajizuia nisimtazame mdomoni. Tukirudi ndipo nakagua njia tuliyopita na nyuma ya kochi. Hapakuwa na kitu.

Njia ya akiba ni ya mdomo, na ilinibidi kuitumia mara sita katika siku zote 28. Nilikuwa naifanya vibaya kwa mambo matatu: nilimkabili uso kwa uso, niliweka kidonge mbele mno, na nilimshikilia muda mrefu. Inavyotakiwa, unakaa ubavuni mwake, mgongo wake kwenye kona ili asirudi nyuma. Mkono mmoja unakuja juu ya pua, dole gumba upande huu na vidole upande ule, nyuma ya chonge, na unainua pua ielekee dari. Taya la chini lenyewe hulegea. Mkono wa pili una kidonge kati ya dole gumba na cha shahada. Kidole cha kati kinabonyeza meno madogo ya mbele, chini, mdomo unafunguka, na kidonge kinawekwa katikati ya ulimi, nyuma kabisa, kupita ule mwinuko. Kikikaa pembeni atakitema, kikikaa mbele atakitema. Unafumba mdomo, unashusha pua irudi usawa wake, kwa sababu kumeza huku kichwa kimeinuliwa ni kazi hata kwako wewe. Jaribu. Kisha unampapasa koo au unampulizia puani taratibu. Akilamba pua yake, kimeshuka. Yote ni sekunde tano. Nilifanya mazoezi kwa vipande vya ini bila kidonge, mara kumi hivi, mpaka yeye mwenyewe akaona kufunguliwa mdomo si jambo la kupigania.

Halafu maji. Hili ndilo nililolisahau siku ya kwanza na lingeweza kutugharimu. Doksisaiklini ikikwama kwenye umio inaunguza, na kidonge kikavu kikishushwa kwa nguvu hukwama kirahisi kuliko tunavyodhani. Kwa hiyo baada ya njia ya mdomo nilimpa mililita kama tano za maji kwa bomba la sindano lisilo na sindano, ncha ikiwa pembeni kwenye mfuko wa shavu, kichwa usawa, kidogo kidogo akimeza. Ukimsukumia moja kwa moja kooni maji yanaweza kwenda mapafuni. Siku alizokula ini mwenyewe nilimpa chakula chake mara tu tuliporudi, na supu kidogo juu yake. Supu ya kwanza nilitaka kumkingia kutoka kwenye sufuria yetu, mke wangu akanishika mkono. Ina vitunguu. Vitunguu maji na vitunguu saumu huharibu seli nyekundu za damu za mbwa, na huyu damu yenyewe alikuwa anaidai.

Nisiseme kwamba baada ya hapo mambo yalinyooka. Siku ya 11 alitapika kama dakika 20 baada ya dozi ya asubuhi, na kidonge nikakiona kizima. Safari hii nilipiga simu bila kujifikiria. Kwa kuwa kilionekana kizima, daktari aliniambia nisubiri atulie, nimlishe kidogo, nimpe kingine. Kisingeonekana, ningesubiri dozi ya jioni. Hayo yalikuwa ya Bosi na dawa ile, usiyachukue kama sheria ya kila dawa. Siku ya 19 akagundua mchezo wa vipande vitatu. Alikipokea cha pili kwa meno ya mbele, kwa adabu, akakipasua kama mtu anayemenya karanga, akala ini, akaniachia kidonge miguuni. Kosa lilikuwa langu: kwa wiki mbili dawa ilikuwa katika cha pili, kila mara. Mbwa anajua kuhesabu mpaka mbili. Nikabadili vikawa vitano, dawa mara cha pili mara cha nne, na ini nikalibadilisha kwa samaki asiye na miba, kisha yai lililochemshwa, kisha ini tena. Vyakula vya mafuta mengi, kama soseji, daktari alinikataza kuvizoea, kwa sababu mafuta yanaweza kuwasha kongosho la mbwa.

Na kila siku, bila saa maalumu, niliichukua pakiti tupu nikaitoboa, *tak*, kisha nikadondosha kipande cha nyama kisicho na kitu. Siku za kwanza alikimbia chini ya kitanda, nyama nikaiacha palepale. Baada ya siku nne pua ilitokeza. Baada ya wiki moja alitoka mzima.

Tangu wakati ule watu wenye mbwa wagumu huniuliza, na jambo la kwanza ninalowajibu ni kwamba sijui dawa yao ni ipi. Kuna vidonge vyenye ganda la kuvilinda na tindikali ya tumbo, na vingine vya kutoa dawa polepole. Hivyo ukivisaga umeviua, au umempa dozi ya siku nzima kwa mara moja. Kuna dawa ya moyo, pimobendani, inayotakiwa kutangulia chakula kama saa nzima, wakati za kupunguza maumivu ya viungo huenda na chakula. Jirani yangu ana mbwa wa kifafa anayemeza fenobabitali kila baada ya saa 12. Huyo hana anasa ya kukosa dozi, kwani ikikatishwa ghafla degedege hurudi kwa kishindo. Siagi ya karanga ni kifuniko kizuri, lakini soma kopo: ikiwa na zailitoli, ile sukari ya bandia, inaweza kumshusha mbwa sukari ya damu na kumharibu ini. Na kuna aliyenishauri, kwa nia njema kabisa, nimpe Bosi vidonge vya maumivu vya binadamu ili awe mpole wakati wa dawa. Ibuprofeni humtoboa mbwa vidonda vya tumbo na kumuumiza figo. Nilimshukuru, nikabadili mazungumzo.

Tena, uliza. Mimi sikuuliza. Dawa nyingine zipo za maji, nyingine za sindano, nyingine daktari anaweza kukubadilishia. Nilihangaika wiki nzima kama mtu aliyekatazwa kusema.

Kidonge cha 56 kilikwenda ndani ya yai, jioni, getini, na Bosi hakuonyesha dalili yoyote ya kujua kwamba ni siku kuu. Damu ilipopimwa tena chembe za kugandisha zilikuwa zimepanda mpaka zinapotakiwa kuwa, na kilo mbili zimerudi. Kupe nawatafuta sasa kila jumapili, masikioni na katikati ya vidole, na dawa ya kuwazuia haipitwi na tarehe yake.

Ile sauti ya pakiti imebaki kwake. Kila asubuhi nikitoboa kidonge changu cha presha, *tak*, Bosi anatoka popote alipo mbio, anakaa mbele yangu, anasubiri nyama. Nampa. Na mke wangu naye ameizoea. Asubuhi isiposikika mikwaruzo ya kucha za Bosi sakafuni, sauti hutoka jikoni: "Baba Neema, dawa umekunywa?"